Msiwapikie Wageni wa Ofisi

Kama senta ya mtoto wako inangojea pesa ya serikali, na mkaambiwa kuna wageni wa ofisi wanakuja kuangalia, msipike. Hilo ndilo jambo lenyewe. Nimeliweka mbele kwa sababu najua akina mama wengi hawana nafasi ya kusoma mpaka mwisho. Mwenye nafasi aendelee, nimweleze vile tulifanya sisi hapa Kitengela.

Mimi ni mama Ndanu. Jina langu ni Phylis, lakini watu wa ploti yetu hawalijui. Ninashona mifuko ya suruali kwenye kiwanda cha nguo upande wa Athi River. Mifuko tu, suruali nzima sijawahi kushona. Baba yake Ndanu, Musila, anafanya kazi ya lori huko Garissa, na nyumbani huja Krismasi. Mwaka mwingine haji. Kwa hivyo nyumba yetu ni ya watu wawili, na mmoja wao hasikii.

Ndanu alishikwa na homa ya uti wa mgongo akiwa bado ananyonya. Alipona, lakini masikio hayakurudi. Nilijua siku mfuniko wa sufuria ulianguka kwa saruji nyuma yake na hakugeuka. Miaka iliyofuata tuliishi kwa kuvutana. Akitaka kitu alinivuta nguo, na nikikosa kuelewa alijigonga kichwa kwa ukuta. Kulikuwa na siku nilikuwa nafika nyumbani nasimama nje kwanza, mkono uko kwa komeo, kwa sababu sikujua nitaingia nimwambie nini.

Halafu tukapata senta. Ilianzishwa na Tabitha, nesi aliyestaafu, kwa nyumba ya mabati nyuma ya mahali malori ya mawe yanapumzika. Haikuwa shule ya serikali wala biashara. Lilikuwa shirika dogo alilosajili na wenzake wa kanisani, la kusaidia tu. Serikali iliandikiana nao mkataba: ninyi mtafundisha watoto viziwi, sisi tutalipa walimu na chakula cha mchana. Mzazi hakulipa kitu.

Mwalimu aliitwa Resian, msichana wa Isinya, na yeye mwenyewe ni kiziwi. Sijui alifanyaje. Muhula haukuisha kabla Ndanu hajakuwa na maneno. Alikuja nyumbani na mikono imejaa. Alimpa kila mtu jina la mkono. Tabitha alikuwa ni miwani. Kakuta, baba ya mtoto mmoja pale, alikuwa ni tumbo, na alipoelezwa alicheka hadi akakohoa. Mimi nilikuwa sindano. Asubuhi nikimwamsha nilikuta vidole vimeanza kuongea kabla macho hayajafunguka.

Resian alikuwa anafundisha wazazi pia, Jumamosi mchana. Lakini Jumamosi kiwandani kuna ovataimu, na ovataimu huikatai kama unataka kuitwa tena. Nilishika maneno machache ya nyumbani. Nikaona haidhuru, mtoto ako na mtu wa kuongea naye, mimi nitafuata polepole.

Pesa ilianza kuchelewa bila mtu kutangaza. Uliona kwa uji kwanza, ukawa mwepesi. Halafu gari lililokuwa likichukua watoto wa mbali likaacha kuja, na wale watoto wakabaki kwao. Kisha mwalimu wa pili akasema anaenda kumwona dada yake Kitale, na hakurudi. Ukimuuliza Tabitha, alikuwa na jibu moja.

"Wametuambia wiki ijayo, mama Ndanu."

"Si walisema hivyo mwezi uliopita?"

"Walisema. Faili iko kwa mkubwa, inangoja kuwekwa sahihi."

Aliuza ng'ombe wake wa maziwa. Hakutuambia. Tulijua kwa sababu tulianza kuona nyasi imeota mahali ng'ombe alikuwa anafungwa. Resian naye hakuwa amelipwa tangu mvua za mwisho, lakini alikuja kila siku, na viatu vyake ukiviangalia unajua ametembea. Sisi akina mama tulikuwa tunambebea chakula. Mimi nilimbebea githeri kwa mkebe, anapokea kwa mikono miwili, anasema kitu, mimi naitikia kwa kichwa.

Siku moja Tabitha alituita wazazi. Alikuwa amefurahi, uso umekuwa wa msichana.

"Tunapata wageni," akasema. "Watu wa ofisi yenyewe wanakuja kutuona."

"Wanakuja na pesa?" akauliza Namalwa, mama wa mapacha, ambaye huuliza kitu vile kilivyo.

"Wanakuja kuona kazi. Wakiona kazi ni nzuri, si watalipa?"

Sote tuliona ni kweli. Nataka uelewe hapo. Hakuna mtu kati yetu aliona kosa, kwa sababu sote tumelelewa hivyo, Mkamba, Mmaasai, Mluhya. Mgeni anakuja kwako kukuangalia, unafagia. Unakopa viti. Kama nyumbani hamjala tangu jana, yeye hatajua.

"Mimi naleta mbuzi," akasema Kakuta.

"Unaleta mbuzi ama unaleta tumbo?" Namalwa akamuuliza.

"Tumbo itakuja na miguu yake. Mbuzi ndio nitavuta na kamba."

Tukacheka. Ilikuwa zamani hatujacheka pale. Namalwa akasema ataomba viti kanisani. Mwingine akasema ndugu yake ni fundi wa rangi, atatukopesha rangi nyeupe iliyobaki mahali wanajenga. Mimi nikasema chapati mniachie. Tukachanga pesa ya gari ili wale watoto wa mbali waletwe wote, benchi zisionekane na mapengo.

Mtu mmoja tu hakutaka. Asubuhi ya siku yenyewe, Resian aliingia jikoni akatoa ile sufuria kubwa ya uji, ikiwa tupu, akaiweka katikati ya mlango, pale mgeni lazima airuke ndio aingie. Tabitha akaitoa. Resian akairudisha. Wakaongea kwa mikono, haraka, mikono ikigongana kama watu wanaopigana makofi hewani. Ndanu alikuwa amesimama karibu yangu anafuata kila kitu, macho yanaenda huku na huku. Mimi niliona mikono tu.

"Anasema nini?" Kakuta akamuuliza Tabitha.

"Anasema tuwaonyeshe hii."

"Sufuria? Mgeni aonyeshwe sufuria?" Kakuta aliichukua mwenyewe akaipeleka nyuma ya choo. "Huyu msichana wetu anataka watu waseme Maasai ya siku hizi inakaribisha mtu na njaa."

Resian akatoka nje akasimama kwa jua mpaka wageni wakafika.

Walikuwa watatu, na mkubwa wao alikuwa kijana anaitwa Hillary. Sitaki umchukie, kwa sababu hata mimi nimejaribu na sijaweza. Alikuja na viatu vimejaa vumbi, akasalimia kila mzazi kwa mkono, akawainamia watoto ndio wamwone mdomo. Kakuta akamvisha shuka mpya begani. Watoto wakaimba kwa mikono, wamesimama mistari, na Ndanu alikuwa mbele. Hillary alitoa kitambaa akajipangusa macho. Akapiga picha ya ukuta mweupe, ya watoto, ya nyama kwa sinia.

Halafu tukaketi kula. Akiwa na mfupa mkononi akatuuliza, sauti ya upole kabisa:

"Sasa niambieni. Mko na shida gani hapa?"

Hiyo ndiyo ilikuwa saa. Kama kuna mahali pa kuweka kidole, weka hapo. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake na sahani ya chapati. Nilimwangalia Tabitha, na Tabitha akaangalia meza, akaona nyama, akaona soda, akaona vile kijana anakula kwa furaha.

"Shida haikosi," akasema. "Lakini Mungu ni mwema. Tunasonga."

"Hatujalala njaa," akaongeza Kakuta. "Ongeza supu, kijana yangu, bado uko mwembamba."

Na sisi wengine tukaitikia. Mtu anatafuna chakula chako, utaanzaje kumwambia mwalimu wako hana nauli? Utaonekana unamhesabia matonge. Hillary aliandika kitu, akafunga kalamu, akaomba chapati nyingine. Nilimpa ile iliyokuwa laini zaidi.

Walipoondoka tulibaki tunapongezana. Namalwa alicheza. Tulikuwa na uhakika pesa imeshaingia kwa benki kabla vumbi la gari lao halijatulia.

Haikuingia. Tulingoja mpaka Tabitha akaanza kuzima simu yake mchana ili mwenye nyumba asimdai kodi ya senta. Mwisho tukaenda kwa ofisi yao Kajiado, mimi na yeye, kwa sababu hakutaka kwenda pekee yake. Niliomba ruhusa kazini nikasema niko na mgonjwa.

Tulikaa kwa benchi ya korido na watu wengine wengi. Kila mtu alikuwa na bahasha kwa mapaja. Hillary alipotuona alifungua mikono.

"Mama! Karibuni. Ule mbuzi wenu, mpaka leo naongea juu yake."

Tukaingia. Tabitha hakukalia kiti vizuri, alikaa kwa ncha. Akauliza pesa.

"Hiyo ndio ilikuwa maana ya sisi kuja," Hillary akasema. "Pesa iliyotufikia ilikuwa kidogo, haikutosha mashirika yote. Tukaambiwa tuzunguke, tuanze na wale wamekwama kabisa. Wale wamefunga milango. Nyinyi mlikuwa sawa."

"Sawa vipi?"

"Mama, niliandika ukweli. Watoto wapo, benchi zimejaa. Mwalimu ako. Chakula kiko. Ukuta umepakwa rangi juzi. Niliwaandikia vizuri kuliko watu wote, hata niliwatetea nikasema hawa ni mfano wa kuigwa."

"Rangi tulikopa," Tabitha akasema.

Kijana akaweka kalamu chini.

"Viti vilikuwa vya kanisa. Mbuzi ilikuwa ya mzazi. Gari ya kuleta watoto tulichanga."

"Lakini niliwauliza. Nilikaa pale nikawauliza mko na shida gani. Si mngeniambia?"

"Ulikuwa mgeni," Tabitha akasema.

Hillary akaangalia mikono yake. Nadhani hata yeye ako na mama nyumbani ambaye angefanya hivyo hivyo. Akatuambia ripoti imeshapita, haiwezi kurudi, lakini mwaka mwingine wa serikali ukianza sisi tutakuwa wa kwanza. Alituandikia namba yake ya simu. Alitusindikiza mpaka mlangoni.

Nje Tabitha aliketi kwa ngazi. Watu walikuwa wanampita upande huu na huu. Nilimwambia, twende, dada. Akasema, "Ngoja kidogo." Nikakaa kando yake.

Resian aliondoka kabla ya mwezi kuisha. Kwao ni yeye wanamtegemea, na huko Isinya walikuwa wanaandika watu kwa shamba la maua. Maua hayahitaji mtu anayesikia. Siku ya mwisho alipiga magoti mbele ya Ndanu pale langoni na wakaongea kwa muda mrefu. Ndanu hakulia. Aliuliza maswali, niliona kwa nyusi, na Resian akajibu moja moja, bila haraka. Mimi nilisimama kando nimeshika begi la mtoto. Nilikuwa kama mtu anayesubiri wengine wamalize simu.

Baadaye senta ikafungwa kwa kufuli.

Ndanu sasa anabaki kwa jirani mpaka nitoke kazini. Jirani ni mtu mzuri, anampa chakula, anamwonyesha kwa kidole. Shule ya bweni ya viziwi ambayo tuliulizia ilisema imejaa. Mwanzoni Ndanu alikuwa ananingoja mlangoni na hadithi, mikono inaanza hata sijavua viatu. Ninamwangalia. Ninashika neno moja, lingine limepita, la tatu sijawahi kuliona. Ninamfanyia ishara arudie. Anarudia. Siku nyingine nilijifanya nimeelewa, nikacheka, na ikawa lilikuwa jambo la kuhuzunisha, kwa sababu aliniangalia vile unaangalia mtu ambaye amecheka matangani.

Polepole akaacha kuningoja. Nikifika namkuta ameketi kwa kitanda akiangalia ukuta, na mikono yake iko kwa mapaja, imekunjwa kama ya mtu mzima. Ninapika. Tunakula. Unasikia televisheni ya upande wa pili, unasikia watoto wa watu wakigombana juu ya sabuni, na hapa kwetu ni vijiko. Sikujua nyumba inaweza kuwa na watu wawili na iwe tupu namna hii. Enzi za kuvutana angalau alikuwa ananivuta.

Pesa ilikuja. Sitaki ufikirie haikuja. Ilikuja yote, mwaka mwingine ulipoanza, vile Hillary alisema. Tabitha alilipa mwenye nyumba, akalipa duka, akafungua kufuli. Alimtafuta Resian kwa ujumbe wa simu. Resian alimjibu kwa maneno machache: "Siwezi kungoja tena, mama. Mniwie radhi." Kwa hivyo ameajiriwa mwalimu mwingine, kijana anayesikia, mpole, anayejua kuandika herufi kwa vidole. Ndanu alienda siku mbili. Siku ya tatu alishika mlango wa nyumba yetu akakataa kuuachilia. Kijana alikuwa anamfundisha A, B, na Ndanu ni mtu aliyekuwa anabishana na Resian juu ya mambo ya mbinguni.

Jumapili iliyopita nilimpeleka Isinya. Nilikuwa nimempata Resian kwa simu, nikamwandikia, akaniambia njooni, siku hiyo hayuko kazini.

Anakaa kwa mama yake, ndani kidogo kutoka barabarani, mahali pa kuku wengi. Ndanu alimwona kutoka mbali akakimbia, na sikumaliza kufika langoni kabla hawajaanza. Sijui niseme vipi. Ilikuwa kama mtu amefungua mfereji uliokuwa umekauka. Mikono ilikuwa inapishana, wanakatizana, Ndanu anaruka, anaigiza mtu mnene, anaigiza kuku, anamgusa Resian goti ndio asiangalie pembeni. Alikuwa na maneno ya mwaka mzima.

Mama ya Resian aliniwekea kiti kivulini kwa nyumba.

"Takwenya, yeyo," nikamsalimia, hayo ya Kimaasai nayajua.

"Iko," akaitikia. "Karibu."

Alituletea maziwa ya kuganda kwa vikombe. Tukaketi, sisi wawili, tukiwaangalia wao wawili. Kiswahili chake ni kifupi na Kimaasai changu kimeisha hapo kwa salamu.

"Wewe najua hiyo maneno yao?" akaniuliza.

"Kidogo sana. Na wewe?"

"Mimi?" Akainua kidole kimoja. "Mimi naonyesha. Akikuwa mtoto, naonyesha. Sasa ni mtu mkubwa, analeta pesa, ananunua mimi blanketi, bado naonyesha."

Resian alikuwa amecheka kitu, kichwa nyuma, meno yote nje. Mama yake akaacha kikombe.

"Huyo hucheka namna hiyo?" akasema. Hakuwa ananiuliza mimi. "Hapa nyumbani hacheki."

Nilitaka kumwambia kitu. Nilitaka kumwambia kwamba huko senta alikuwa anacheka kila siku. Lakini nikaona nitakuwa nimemwongezea uchungu. Tukanywa maziwa. Kuna wakati wale wawili waligeuka wakatuangalia sisi, pamoja. Ndanu akasema kitu juu yangu, kirefu, akinionyesha kwa kidevu, na Resian hakucheka. Aliniangalia muda mrefu kidogo. Kisha akamjibu, na Ndanu akatikisa kichwa kukataa, na Resian akamjibu tena.

Jua lilipolegea tukatoka mpaka barabarani kungoja gari. Ndanu alikuwa na uso wa mtu aliyekula akashiba. Nikamgusa bega. Nikamwonyesha yeye, nikaonyesha kule tulikotoka, nikajionyesha mimi, nikafanya ishara ya kusema. Ulimwambia nini juu yangu?

Alifikiria. Mikono ikainuka, ikaanza haraka, vile alikuwa akifanya kule ndani. Halafu akaniangalia usoni, na ikasimama. Akaanza upya, polepole, mikono mikubwa, kila neno peke yake, vile unaongea na mgeni ambaye ameshuka sasa hivi na hajui lugha ya watu.

Chai, akasema. Pale. Nzuri.

Hatukuwa tumekunywa chai. Lakini chai ni neno ninalolijua, na mtoto wangu alikuwa amelitafuta kati ya maneno yake yote ndio anipe.

Nzuri, nikamjibu.